Hofu ya Milimani: Bwana, Boi na Filamu za Akili Bandia

Imekuwa desturi miongoni mwa wahakiki wetu kwamba, waulizwapo filamu bora kuhusu akili bandia, hutaja zile zile: 2001: A Space Odyssey (1968), Blade Runner (1982), The Terminator (1984), Ex Machina (2014). Hapana ubaya katika kuzipenda. Ubaya umo katika sababu inayotolewa, yaani kwamba filamu hizi zinasawiri hofu ya binadamu kwa jumla mbele ya kiumbe aliyemshinda muumba wake. Binadamu huyo ni nani? Makala haya yanadai kuwa ni bwana mwenye nyumba, na kinachomnyima usingizi ni mtumishi wake.

Neno lenyewe ni ushahidi. Roboti alizaliwa katika tamthilia, R.U.R. ya Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920, na jina lake limetokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Mwaka huo huo Kenya ilifanywa koloni, na sheria ya kipande, iliyotungwa mwaka 1915, ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kutekelezwa kwa ukali. Mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba cheti chenye alama za vidole vyake na habari za waajiri wake, aghalabu katika kijisanduku cha bati kilichoning'inia shingoni. Mtazamaji anayelijua hilo, aonapo katika Blade Runner viumbe wakipimwa mboni za macho ili ibainike ni nani mtu na ni nani mtoro wa kazi, hawezi kudhani anaonyeshwa mambo ya kesho.

Mhakiki wa Nakuru hana haja hata ya kufungua kitabu cha historia. Mtaa wa Milimani, kwenye miteremko ya Menengai, ulikuwa makao ya Wazungu. Waafrika walipangiwa Bondeni. Majina yenyewe yanatosha. Lakini Mwafrika hakukosekana Milimani. Alikuwepo nyuma ya nyumba, katika chumba cha boi, karibu kiasi cha kusikia akiitwa na mbali kiasi cha kutoonekana na wageni. Mpangilio huo wa nyumba ndio mpangilio wa filamu hizi.

Ex Machina inalidhihirisha hili kuliko zote. Nathan, tajiri mwenye kipaji, anaishi peke yake katika jumba lililojitenga milimani, akihudumiwa na Kyoko, ambaye hasemi neno tangu mwanzo hadi mwisho. Nathan anamweleza mgeni wake, Caleb, kwamba Kyoko hajui Kiingereza, na kwa hiyo siri zinaweza kuzungumzwa mbele yake. Ni mabwana wangapi wa Milimani walioamini hivyo kuhusu aliyewaandalia chai? Kisha Kyoko anamchoma bwana wake kisu mgongoni. Wahakiki wameandika mengi juu ya Ava, roboti mrembo anayetoroka, na zaidi juu ya Caleb anayeachwa amefungiwa ndani. Kyoko wanampitia kama wageni wanavyompita mtu aliyeshika sinia. Hapa lawama si ya mwelekezaji, Alex Garland, ambaye kisu alikiweka mkononi mwa anayestahili; ni ya wasomaji waliokaa sebuleni pamoja na wageni, ilhali wengi wao wana babu aliyelala nyuma ya nyumba.

Yamkini itajibiwa kwamba usomaji huu unaibana sanaa katika historia ya wilaya moja, na kwamba Blade Runner angalau inamtukuza mtumwa. Inamtukuza kwa namna gani? Roy Batty, aliyepangiwa miaka minne tu ya kuishi, anamwokoa mtu aliyetumwa kumuua, kisha anakufa kwa upole mvuani. Hiyo ni ndoto tamu kuliko zote ambazo bwana aweza kuota: boi aliyedhulumiwa, ambaye saa ya mwisho anamsamehe. Uzuri wa fani haukanushwi. Linalokanushwa ni kwamba uzuri huo hauna tabaka.

Zipo filamu zinazotazama kutoka upande wa pili, ingawa haziingii katika orodha hizo. Katika Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu, watu ndio wanaozalisha umeme kwa miili yao, na ndoto zao zinazimwa kwa vidonge. Neptune Frost (2021) ya Saul Williams na Anisia Uzeyman inaanzia machimboni, kwa kifo cha mchimbaji wa koltani, madini yaingiayo katika kila simu na kompyuta. Si filamu za akili bandia kwa maana finyu, na hiyo ndiyo sababu hutolewa kila mara ya kuziacha nje. Lakini maana hiyo finyu ilitungwa na nani? Mnamo Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na unajisi, ili mashine ya ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Katika filamu zinazosifiwa, mashine hufundishwa na bwana mmoja ndani ya maabara yake. Vijana hao hawamo hata kama kivuli kinachopita na sinia.