Betri ya pikipiki isilale mlangoni

Saa tatu usiku, nyumba ya kupanga, chumba na sebule. Baba amerudi na pikipiki yake ya umeme, ameisukuma mpaka ndani na kuiegemeza nyuma ya mlango. Chaja imechomekwa kwenye ekstensheni moja na televisheni na friji. Mlango umefungwa kwa komeo na kufuli juu yake, madirisha yana nondo, na watoto wawili wamelala kwenye godoro hatua mbili kutoka gurudumu la mbele.

"Baba watoto, hiki chombo lazima kilale hapa?"

"Kikilala nje, kesho nitakwenda kazini kwa miguu."

Wote wawili wana hoja. Mwizi ni wa kweli, na pikipiki yenyewe pengine bado inalipiwa mkopo. Lakini mama ameona jambo ambalo wengi hawalioni: chombo kile kimekaa kwenye njia pekee ya kutokea. Kikishika moto, hakuna mtu wa nyumba ile atakayepita mlangoni.

Betri za lithiamu hazishiki moto ovyo. Mamilioni ya watu hulala na simu kitandani bila tatizo, ingawa tabia hiyo nayo si ya kusifia. Tofauti ni ukubwa. Simu ina seli moja au mbili. Betri ya skuta au baiskeli ya umeme ina makumi ya seli zilizounganishwa ndani ya boksi moja, na seli hizo mara nyingi ni vipande vya mviringo vinavyofanana na betri za tochi. Ndani ya kila seli, pande mbili zenye nguvu zimetenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Utando ukitoboka au kuyeyuka, pande hizo hugusana, seli hupata joto, joto huzaa joto zaidi, kisha seli ya jirani nayo hufuata. Kutoka moshi wa kwanza hadi moto mkubwa inaweza kuwa chini ya dakika moja.

Jiji la New York lilijifunza hili kwa uchungu. Huko maelfu ya vijana, wengi wao wahamiaji, hupeleka vyakula majumbani kwa baiskeli za umeme na kuchaji betri katika vyumba wanavyoishi kwa kubanana. Mwaka 2023 peke yake, zimamoto wa jiji hilo walihesabu mioto 268 iliyotokana na betri za lithiamu, na watu 18 walikufa. Mwaka huohuo jiji lilianza kudai kwamba vyombo hivyo na betri zake viwe vimepimwa usalama kabla ya kuuzwa, na likapiga marufuku kuuza betri zilizoungwa kwa seli zilizotolewa kwenye betri kuukuu.

Hilo la mwisho linawahusu sana watu wa huku. Betri ikichoka, bei ya mpya humfanya mtu amtafute fundi. Fundi hufungua boksi, hutoa seli zilizokufa na kuweka nyingine alizozipata kwenye betri za kompyuta zilizotupwa. Chombo hutembea tena, na mwenye mali hushukuru. Ila seli za umri na nguvu tofauti hazijai kwa pamoja wala haziishi kwa pamoja. Iliyo dhaifu hulazimishwa kupokea au kutoa zaidi ya uwezo wake kila siku, na kadi ndogo ya ndani inayopaswa kuilinda huenda fundi ameiruka kwa waya ili kurahisisha kazi. Fundi anaweza kuwa mtu mwema na mwenye mikono mizuri, lakini betri ile haifai kuchajiwa ndani ya nyumba yenye watoto.

Kisha kuna chaja, na hapa ndipo makosa mengi huanzia. Betri iliyoandikwa volti 36 hujaa ikifika volti 42. Ya volti 48 yenye seli 13 mfululizo hujaa kwenye 54.6. Namba hizo huwa zimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa chaja, upande wa umeme unaotoka. Tatizo ni kwamba vichwa vya chaja hizi mara nyingi vinafanana, hivyo ya jirani inaingia bila ubishi. Hata chaja za betri za asidi, kama zile za bajaji za umeme, huandikwa volti 48 wakati zinapanda hadi 58 na zaidi. Ikichomekwa kwenye betri ya lithiamu isiyo yake, kinachobaki kuizuia ni ile kadi ndogo ya ndani. Chaja ikipotea au kuungua, inunuliwe yenye namba zilezile, ikiwezekana kwa aliyeuza chombo. Ya kuazima usiku mmoja kwa jirani ni bora iachwe.

Sasa turudi kwa wazazi wale wawili na ugomvi wao wa mlangoni. Kuna njia ambayo haimpi mwizi nafasi wala haizibi mlango. Kama betri inachomoka, pikipiki inaweza kufungwa kwa mnyororo kwenye nondo ya baraza, na betri ikaingia ndani peke yake. Iwekwe juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na pazia, kochi na godoro, upande wa mbali na mlango, na isiwe chumba wanacholala watoto. Chaja ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Kama nyumba ina jiko la nje, stoo au baraza yenye geti la chuma, hapo ni pazuri zaidi. Wapangaji wa nyumba moja wanaweza pia kukubaliana na mwenye nyumba kuhusu sehemu moja ya kuchajia. Ni mazungumzo ya nusu saa, na yanawahusu wote, kwa kuwa moto wa chumba kimoja haumuulizi mtu kodi analipa nani.

Kubwa zaidi ni muda. Betri isichajiwe watu wakiwa wamelala. Baba atasema chaji inachukua saa tano na yeye anarudi usiku. Ni kweli, ila betri za lithiamu hazidai kujazwa hadi juu ndipo zifanye kazi. Kuishia asilimia 80 kunazisaidia kudumu. Akifika aiache ipoe kwanza, kama nusu saa, achaji mpaka muda wa kulala, achomoe, kisha aongezee alfajiri wakati wa kujiandaa au mchana kijiweni penye umeme. Mjini Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kutumia mfumo ambao dereva hachaji kabisa nyumbani. Hufika kituoni, huacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa. Penye huduma ya namna hiyo, familia imepunguziwa mzigo mkubwa.

Skuta ndogo za watoto nazo zisisahaulike. Huangushwa, huachwa juani, hupitishwa kwenye madimbwi, kisha huchomekwa chumbani na mtoto mwenyewe. Mtoto aambiwe wazi kwamba kuchaji ni kazi ya mkubwa, na kwamba hatagombezwa akisema skuta ilianguka au iliingia maji. Anayeogopa fimbo atanyamaza, na mzazi atachaji betri iliyoumia bila kujua. Iliyozama kwenye mafuriko isichajiwe tena, hata kama imekauka na inawaka taa. Maji, hasa ya chumvi, huendelea kula ndani kwa siku kadhaa.

Betri mbaya mara nyingi hutoa taarifa. Boksi linavimba. Linakuwa la moto kuliko kawaida wakati wa kuchaji. Chaji inashuka ghafla kutoka nusu hadi sifuri. Kunasikika harufu tamu ya ajabu, kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hapo chaja ichomolewe, na kama betri bado haitoi moshi, ipelekwe nje, mbali na ukuta na vyombo vingine.

Ikianza kutoa moshi au mlio wa kama mvuke unaotoka, hakuna wa kuigusa. Wote watoke, watoto kwanza, mlango urudishwe nyuma yao bila kufungwa kwa ufunguo, na simu ipigwe Zimamoto, ambao kwa Tanzania ni 114. Moshi ule una sumu, na ndoo moja ya maji haitoshi kupoza betri nzima. Hata moto ukizimika, betri inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa, kwa hiyo isirudishwe ndani.

Na ufunguo wa lile kufuli uwe na mahali pake usiku, msumari mmoja ukutani karibu na mlango, panapofikiwa na mtoto mkubwa gizani.