Pesa za mtaji zina bei, hata zikiwa zako

Muulize kijana anayeuza viatu vya mitumba Gikomba bei ya kila jozi, atakujibu papo hapo. Kisha muulize mtaji wake unamgharimu pesa ngapi kwa mwezi. Wengi watakuna kichwa.

Hapo ndipo biashara nyingi za vijana huzama. Tunajua bei ya kila kitu ila bei ya pesa zenyewe.

Chukua mfano wa mkopo wa simu unaotozwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukikopa Sh10,000 utarudisha Sh10,750. Si mbaya, ama? Sasa kopa na ulipe hivyo kila mwezi. Mwaka ukiisha, umelipa Sh9,000 kwa kutumia Sh10,000 zile zile. Hiyo ni asilimia 90 kwa mwaka. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, ilikuja na riba ya asilimia 8. Tarakimu zinafanana, lakini hiyo 8 ni ya mwaka na ile 7.5 ni ya mwezi. Ukikosa kuuliza "kwa muda gani?", umeliwa.

Hatusemi kukopa ni kosa. Ikiwa viatu vya Sh10,000 vitakuachia Sh2,500 kwa mwezi baada ya nauli na ada ya kaunti, Sh750 hazitakulemea. Lakini ukibaki na Sh600, pole, umemfanyia kazi aliyekukopesha na bado anakudai Sh150.

Wapo wanaojipiga kifua: "Mimi sina deni la mtu, huu mtaji ni akiba yangu." Hongera, ila hizo pia zina bei. Zingekuwa kwenye Sacco au hati za serikali, zingezaa bila wewe kurauka saa kumi alfajiri. Biashara isipozidi hapo, unajipunja, na hata jasho lako hujalihesabu.

Kwa hivyo, kabla ya kubonyeza "kubali", shika kalamu. Andika pesa hizi zitakutoza ngapi, kwa muda gani, na biashara itakuachia ngapi katika muda huo huo. Hesabu ikikataa, rudisha simu mfukoni. Afadhali ukose mtaji leo kuliko uandikwe CRB kesho kwa sababu ya viatu ambavyo havikukuachia hata senti.