Pumzi ya Ilungu, Pumzi ya Injini

Nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa waamuzi watatu wa shindano dogo la ushairi wa wanafunzi hapa Sumbawanga. Mengi ya mashairi tuliyoletewa yalihusu mada tunazozitarajia wakati wote: mama, elimu, amani, mazingira. Moja lilihusu gari la mbio. Mtunzi wake, kijana wa kidato cha tatu, hakumsifu mwenye gari wala hakutamani kuwa kama yeye. Alieleza namna injini inavyovuta hewa, inavyoibana, inavyoichoma na kuitupa nje, kisha ikaanza tena kabla kope haijafumba. Vina vilikaa mahali pake. Mizani ilitimia, kumi na sita kila mshororo. Tukalitoa. Sababu tuliyoiandika ni kwamba lugha yake ilikuwa "ya gereji", na kwamba mada yenyewe haikuwa na "uzito wa kijamii". Nilitia sahihi yangu chini ya maneno hayo, tena kwa wino mwekundu.

Wapenzi wa lugha, tulikosea. Naandika haya kwa sababu kosa lile si la waamuzi watatu peke yao. Ushairi wetu wa leo humwona gari kwa macho mawili tu. Jicho la kwanza huona mali, likasifu au likakebehi. Jicho la pili huona ajali, likalia. Jicho la tatu, la kuona fikra iliyomo ndani ya chuma, tumelifumba, kisha tunashangaa kwa nini vijana wetu wakitaka kusema jambo la ufundi hukimbilia Kiingereza.

Gari la kasi ni fikra kwanza. Asiyelijua hudhani siri yake ni petroli. Petroli ni rahisi, kwani pampu ndogo huweza kuileta kwa wingi utakao. Kilicho kigumu ni hewa. Gramu moja ya petroli huhitaji karibu gramu 15 za hewa ili iungue sawasawa, na hewa ni nyepesi, ina nafasi kubwa, haipendi kuharakishwa. Kwa hiyo mhandisi wa magari haya anashughulika na pumzi kuliko anavyoshughulika na moto. Njia zake ni mbili. Ya kwanza ni kuiacha injini ipumue yenyewe, akilainisha mapito ya hewa na kuizungusha injini haraka zaidi. Ya pili ni kuipulizia kwa kifaa ambacho mafundi wetu hukiita tabo: moshi wa moto unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo la mapanga, nalo huzungusha jingine linalosukuma hewa mpya ndani kwa nguvu.

Njia hizi mbili zimezaa mapenzi mawili tofauti. Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, alipobuni gari la McLaren F1 katika miaka ya mwanzo ya 1990, aliikataa tabo. Alitaka injini inayomtii dereva papo hapo, bila kusubiri mapanga yashike kasi. BMW wakamtengenezea injini ya silinda 12 yenye nguvufarasi 627, inayopumua yenyewe, na mwaka 1998 gari hilo lilifikia kilomita 386 kwa saa. Mwaka 2005 wakaja Bugatti na Veyron yao: silinda 16, tabo nne, nguvufarasi 1,001, na kasi iliyopita kilomita 400 kwa saa. Wapenzi wa magari wamegombana tangu hapo, wengine wakisema pumzi ya kupulizwa si pumzi, wengine wakiwacheka.

Nisingewachosha kwa ugomvi wa Wazungu na magari yao lau jambo hili lisingekuwa na mwenyeji wake hapa hapa Ufipa.

Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuri liitwalo ilungu, kwa wingi malungu. Ni mnara wa udongo wenye kimo cha mita tatu hivi, mpana kitakoni na mwembamba kileleni, uliozungukwa chini na matundu yaliyotiwa mirija ya udongo. Ndani yake walipanga kuni, makaa na mawe ya chuma, wakawasha. Halafu hawakupuliza. Hilo ndilo la ajabu. Mahali pengi Afrika tanuri la chuma lilikuwa na vijana wanaovukuta hadi mikono ife ganzi, lakini ilungu halikuwa na mvukuto hata mmoja. Hewa iliyopata moto ilipanda ndani ya mnara, ikaacha pengo nyuma yake, na hewa baridi ya nyanda zetu ikaingia kwa mirija kuliziba. Kadiri moto ulivyokua ndivyo uvutaji ulivyokua. Kwa siku kadhaa mnara ulijipumulia wenyewe. Aliyelijenga alijua kwamba kimo kikipungua pumzi hupungua, na kwamba mirija ikiwa mingi mno joto hutawanyika. Urefu wa ilungu ndio mvukuto wake.

Ilichotoka humo hakikuwa chuma safi. Kilikuwa bonge lililochanganyika na mavi ya chuma (jina zuri la Kiswahili, nasi tunaliogopa kana kwamba ni tusi). Bonge hilo lilipelekwa kwenye tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto iliposhika kazi. Katika kintengwe mfuaji alitaka joto kali, la ghafla, mahali padogo, linaloongezeka na kupungua kwa amri yake. Likishasafishwa likaenda kwa mhunzi na kuwa jembe, shoka au mkuki.

Sasa tazameni. Pumzi ya kujivutia na pumzi ya kupuliziwa zote mbili zilikuwapo Ufipa, katika kazi moja, kwa watu wale wale, na kila moja ilipewa mahali pake. Swali ambalo wapenzi wa Murray na wapenzi wa Bugatti wanaligombania kama ushabiki wa mpira, wazee wetu walilimaliza kwa kuuliza: kazi yenyewe inataka nini? Wanaakiolojia, Bertram Mapunda, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwa mmojawapo, wameonyesha kwamba nchi hii ilikuwa na zaidi ya mbinu moja ya kuyeyusha chuma, na kwamba malungu yalitanguliwa na matanuri ya namna nyingine, mafupi zaidi. Maana yake ni kwamba watu walilinganisha, walichagua, walibadili. Huo ni uhandisi.

Na mapenzi yalikuwamo. Ilungu lilihesabiwa kuwa mwanamke, tena bibi harusi. Kulikuwa na dawa zake, kulikuwa na miiko, na wayeyushaji walijitenga na wake zao hadi kazi iishe. Msomaji wa mjini atacheka. Asicheke kabla hajajua kwamba Murray alikitandika chumba cha injini ya McLaren kwa utando wa dhahabu. Sababu ilikuwa ya kifundi, maana dhahabu hurudisha joto vizuri, lakini sidhani kama kuna aliyewahi kufungua chumba kile akaona hesabu ya joto peke yake.

Kuna sababu nyingine inayoufanya uwanda huu uwe mahali pa haki pa kuzungumzia pumzi. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyembamba kiasi kwamba injini inayopumua yenyewe hupata karibu sehemu moja ya sita pungufu ya hewa ambayo ingeipata Dar es Salaam. Dereva wa lori atokaye pwani hulisikia jambo hilo kwa mguu kabla hajalisoma popote: anakanyaga mafuta, gari halivuti. Mwenye tabo haumii sana. Na anayepanda kutoka Muze, bondeni mwa Rukwa, kona baada ya kona, hulisikia kila mita mia anazozidi kupanda.

Nirudi kwenye ushairi, maana hapo ndipo kosa langu lilipo. Tuna neno mizani. Kwa mshairi ni hesabu ya silabi. Kwa muuza mahindi sokoni ni chombo cha kupimia uzito. Mhandisi wa gari la kasi anaishi katika maana zote mbili. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alijenga jina lake juu ya wepesi: badala ya kuongeza nguvu, alipunguza kilo. Murray aliibana McLaren F1 hadi kilo kama 1,140, akifika mahali pa kutaka hata vifaa vya kufungulia boliti viwe vya titani ili gramu zisizidi. Mtu aliyewahi kukaa usiku kucha akitafuta neno la silabi mbili badala ya tatu, bila kupoteza maana wala kina, anamwelewa Murray kuliko wanavyomwelewa matajiri walionunua magari yake. Hata hapa Afrika Mashariki tulishuhudia kwamba wingi wa nguvu si kila kitu. Katika Safari Rally ya mwaka 1974 Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Mitsubishi Lancer ya injini ya 1600, na Porsche ya Björn Waldegård ikaja nyuma yake.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nililitoa mimi mwenyewe: haya yanamhusu nini mkulima wa Ufipa anayelima kwa maksai? Gari moja la namna hiyo lingenunua mahindi ya tarafa nzima. Ni kweli, na simshauri mtu alitamani. Lakini kanuni inayoiendesha Veyron ndiyo inayoliendesha lori linalochukua mahindi yake kwenda Tunduma, na mtoto wake akikosa lugha ya kuijadili hiyo kanuni atabaki mteja wa fundi, na fundi atabaki mteja wa aliyeandika kitabu cha maelekezo. Uzito wa kijamii tulioutafuta ulikuwa mezani.

Na hiyo "lugha ya gereji" ina ubaya gani? Washairi wa pwani walipoimba vyombo vya bahari walitumia tanga, foromali, omo, tezi, joshi na demani. Ni msamiati wa wachukuzi na mabaharia, wengi wao hawakushika kalamu maishani, na leo tunauita hazina ya lugha. Jahazi nalo ni chombo kinachoendeshwa na pumzi. Hakuna mwamuzi aliyeyatupa mashairi yale kwa kuwa yananuka bandari. Tena Kiswahili chenyewe kimeshatutangulia. Tunasema fulani amechemsha, yaani ameshindwa, na hatukumbuki kwamba rejeta inayotoa mvuke nayo huchemsha. Tunasema mzee amekata moto. Injini hunoki, hukohoa, hula oili, hupigwa resi. Watu wamekwisha kulifanya gari kuwa kiumbe chenye mapafu na koo, na sisi tunaojiita walinzi wa lugha tunawaambia warudi darasani.

Sidharau kazi ya taasisi zetu. TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, nami bado naifungua. Ila istilahi iliyozaliwa mezani hukaa kabatini, na iliyozaliwa chini ya gari husambaa hadi Kigoma bila kuombewa kibali. Ningependa wanaounda maneno wakae wiki moja gereji kabla ya kikao. Nguvufarasi, kwa mfano, ni tafsiri ya kipimo alichokitungia James Watt wakati farasi walipozungusha mashine za Uingereza. Ni wati 746, hakuna ubaya. Lakini katika nchi ambayo farasi huonekana zaidi katika picha, sijui kwa nini hakuna aliyefikiria kwanza maksai.

Linalonisumbua hasa ni hili. Majembe ya kiwandani yalipoingia kwa bei rahisi, malungu yalizimwa moja baada ya jingine, na ndani ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 kazi ile ilikuwa imekwisha kwa sehemu kubwa. Yaliyobaki porini Nkansi yanamomonyoka kwa mvua. Anayetaka leo kujua majina ya sehemu za ilungu, miiko yake na hatua zake, hulazimika kwa sehemu kubwa kuyasoma katika vitabu vya Kiingereza. Elimu ilikuwapo, mapenzi yalikuwapo, lugha yake haikupewa nafasi ya kuandikwa na wenyewe. Na mimi, katika mji huo huo, nilipewa karatasi ya kijana aliyekuwa akijaribu kuiandika pumzi ya injini kwa Kiswahili, nikaipiga wino mwekundu.

Nilikutana naye mwezi uliopita. Sasa ni fundi. Miguu yake ilikuwa imetokeza chini ya Canter, akajivuta nje, akafuta mikono kwa tambara.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Lina nini hilo?"

"Lina pumzi fupi. Tabo imechoka, inapuliza nusu."

Nikamuuliza habari za lile shairi. Akacheka, akasema hakuwa na nakala nyingine, sisi ndio tuliobaki nalo. Nimepekua kabati zima la shule: karatasi ya matokeo ipo, na maneno yangu mekundu yapo, shairi halipo. Anasema beti mbili za mwanzo bado anazikumbuka na ataziandika Jumapili, siku ambayo hana kazi. Nimemwomba anifafanulie pia maneno matatu ambayo siku ile sikuyajua na sikuuliza maana yake. Jumapili mbili zimepita, bado nasubiri.