Matofali ya kuchezea, sehemu ya 4: nani kasema ni ya watoto tu?

Mama zangu, juzi nimetoka shifti ya usiku, nimekaa mkekani napanga Lego za mwanangu, jirani akaingia: "Nesi mzima unacheza?" Ndiyo, nacheza! Baba zetu wanashinda kijiweni na drafti na bao mpaka magharibi, hakuna anayewaita watoto. Mama akishika tofali la plastiki nusu saa, imekuwa kosa.

Lego wenyewe kule Denmark wanatoa maboksi yameandikwa 18+. Na tofali la mwaka 1958 linashikana na la leo, kwa hiyo hata ya mtumba yaliyochanganyika kwenye ndoo yanafaa. Msiniambie ni mambo ya wenye hela.

Wodini nasikiliza vilio na mashine usiku kucha. Hapa kipande kikikataa nakibandua, basi, hakuna aliyeumia. Kichwa kinatulia jamani!

Ila kwa hili nitakuwa mkali: ukiwa na mtoto chini ya miaka 3, vipande vidogo usiviache chini, vinakwama kooni. Panga mezani, ukimaliza funga ndoo, weka juu ya kabati.

Jirani jana karudi. Kaomba apange paa.