Paa la Mwenye Duka na Mita ya Mpangaji

Huenda msomaji akashangaa kuona kurasa hizi zikizungumzia paneli za jua juu ya mapaa ya majengo ya biashara ya Nairobi. Lakini bei ya umeme ni jambo la haki, kama ilivyo bei ya unga.

Mwaka 2015 jengo la maduka la Garden City, kando ya barabara ya Thika, lilifunika maegesho yake kwa paneli zenye uwezo wa kilowati 858. Tangu hapo hoteli, viwanda na vyuo vingi vimefuata njia hiyo, wala hatuwalaumu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani, kila mfanyabiashara alipata sababu ya kujitegemea. Hesabu nayo inawaunga mkono: duka hutumia umeme mwingi mchana, wakati uleule jua linapowaka, na kila yuniti inayotoka paani ni yuniti isiyonunuliwa.

Hesabu ya betri ni ngumu zaidi, na hapo wengi hudanganyika. Mteja mkubwa halipii yuniti peke yake. Hulipia pia kipimo cha juu kabisa cha umeme aliouvuta katika mwezi. Hoteli ambayo kilele chake ni saa mbili usiku haitapunguziwa kipimo hicho na paneli. Betri yaweza kukipunguza. Tuchukue mfano wa betri ya kuhifadhi yuniti moja, iliyogharimu dola 250 pamoja na kuifunga, nayo idumu miaka 12. Ikijazwa na kutumiwa kila siku itatoa yuniti 4,380, yaani senti 6 hivi za dola kwa yuniti, bila kuhesabu riba wala umeme unaopotea. Ikingojea giza siku 50 tu kwa mwaka, kila yuniti itagharimu senti 42. Muuzaji hupenda kutaja hesabu ya kwanza. (Kamati za ujenzi za parokia na za hospitali zetu zisikie.)

Sasa tutazame upande wa pili. Gharama za nguzo, nyaya na transfoma hazipungui kwa sababu duka kubwa limepunguza manunuzi. Hazipungui pia gharama za mikataba ya kununua umeme, ambayo baadhi yake hulipia uwezo wa mtambo hata usipowashwa. Mzigo huo hugawanywa kwa yuniti zinazosalia. Nazo ni za nani? Ni za mpangaji wa Kayole anayenunua tokeni ya shilingi mia, asiye na paa la kufungia paneli, maana paa ni la mwenye nyumba. Aprili 2023 kiwango cha nafuu kwa watumiaji wadogo kilishushwa kutoka yuniti 100 kwa mwezi hadi 30. Mwenye friji ndogo na pasi hukivuka kwa urahisi.

Hatusemi paneli zizuiwe. Tunasema kwamba anayeiweka gridi ya taifa kama akiba yake ya dharura hana budi kulipa ada ya haki kila mwezi, hata yuniti zake zikiwa chache. Lakini anayetumia betri ili asivute umeme wakati wa jioni huwapunguzia wote mzigo, kwa kuwa ndizo saa ambazo mitambo ya mafuta, yenye umeme ghali, huhitajika zaidi. Huyo apewe nafuu katika ada. Kumtoza sawa na mwenye paneli pasipo betri ni kumwadhibu aliyetusaidia.

Bei za umeme hupitiwa na mamlaka ya udhibiti wa nishati baada ya kupokea maoni ya wananchi. Wenye viwanda hujitayarisha kwa vikao hivyo pamoja na wahasibu wao. Jumuiya zetu nazo zipeleke wapangaji wenye risiti za tokeni za mwaka mzima mkononi, waulize ni senti ngapi katika kila yuniti zinazolipia mitambo isiyowashwa.