TAHARIRI: Isiyo na moshi nayo ni tumbaku

Ndugu Waislamu, sigara hukemewa mimbarini, nasi twaiunga mkono kauli hiyo. Lakini ugoro na tumbaku ya kutafuna twavifumbia macho, ati kwa kuwa havitoi moshi. Kutoka Kilwa Kivinje hadi Lindi mjini, tumbaku hutiwa katika tambuu, na dukani hukaa jirani na sukari na chumvi.

Tutazame walivyofanya wengine. Waswidi wana tumbaku yao ya kuweka chini ya mdomo, iitwayo snus, nayo huuzwa kwao katika maduka ya kawaida. Jumuiya ya Ulaya iliipiga marufuku mwaka 1992. Uswidi ilipojiunga mwaka 1995 iliachiwa kuiuza ndani ya mipaka yake tu. Jirani zetu wa Uganda waliikataza tumbaku isiyo na moshi kwa sheria ya mwaka 2015.

Wapo wasemao snus ina nafuu kuliko sigara. Nafuu si salama. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani imethibitisha kuwa tumbaku isiyo na moshi huleta saratani ya kinywa.

Sheria yetu ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Basi twawauliza wenye maduka tunaosimama nao safu moja: mtoto akitumwa tumbaku na babu yake, mwampa au mwamrudisha? Dini yetu haikuruhusu kujidhuru wala kudhuru wengine. Mrudisheni mtoto, na babu aelezwe kwa adabu. Riziki ya halali haitapungua kwa hilo.

Wallahu a'lam.