Mtetemo Uleule, Kina Tofauti

Mtetemo wa hezi 0.5, yaani wimbi moja kila sekunde mbili, unamwambia nini anayetaka kujua tabaka gumu liko mita ngapi chini ya miguu yake? Jijini Mexico, kwenye udongo wa ziwa la kale, jibu ni kama mita 38. Katika bonde la chini la mto Rhine, Ujerumani, mtetemo uleule unaashiria mita 250 hivi. Tofauti hiyo ndiyo iliyotufanya tulitenge toleo hili kwa ajili ya mitetemo midogo ya ardhi, na ndiyo inayonisukuma kuwaomba jambo wachimba visima wetu.

Njia yenyewe haina makuu. Ardhi hutetemeka usiku na mchana hata pasipo tetemeko: mawimbi ya bahari yanaisukuma, upepo unatikisa miti, malori na mashine nazo zinaongeza zao. Mitetemo hiyo ikipita kwenye udongo laini uliolalia mwamba, udongo hukuza masafa yake wenyewe, hasa katika mwendo wa mlalo. Mpimaji anasawazisha kipima mtetemo chenye vihisio vitatu, kimoja cha wima na viwili vya mlalo, anawaomba watu wakae mbali, anakiacha kirekodi kama nusu saa. Kisha anagawanya nguvu ya mlalo kwa ile ya wima katika kila masafa. Uwiano unapopanda na kufanya kilele, hayo ndiyo masafa ya udongo ule. Nogoshi na Igarashi wa Japani walishaandika kuhusu uwiano huo mwaka 1971, na Yutaka Nakamura akaipa njia hii umaarufu mwaka 1989. Haihitaji baruti wala mtambo wa kuchoronga.

Lakini kilele kinatoa masafa, hakitoi mita. Ili kupata mita ni lazima ujue kasi ya mawimbi humo ardhini, uigawanye kwa masafa mara nne. Udongo wa Mexico ni laini mno. Mawimbi yanayoutikisa kiubavu huenda takriban mita 75 tu kwa sekunde. Huko Rhine, watafiti Ibs-von Seht na Wohlenberg hawakukisia kasi. Walipima mahali palipokwisha kuchorongwa, ambako kina cha mwamba kilijulikana, kuanzia makumi ya mita hadi zaidi ya mita 1,000, wakatafuta kanuni ya kuunganisha masafa na kina, wakaichapisha mwaka 1999. Kwa kanuni hiyo hezi 1 ni mita 96. Hezi 0.5 si mara mbili yake, ni zaidi ya mara mbili na nusu, kwa kuwa kadiri unavyoshuka ndivyo udongo unavyoshindiliwa na mawimbi yanavyozidi kasi.

Kuichukua kanuni ya Rhine na kuipachika Bukoba au Dodoma ni kujidanganya, na kutoujua udongo ulio chini yako kuna gharama. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko lililoanzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 350 kutoka Mexico City, liliutikisa udongo wa ziwa kwa mwendo wake wa sekunde mbili. Majengo ya ghorofa 6 hadi 15, ambayo nayo huyumba kwa mwendo unaokaribiana na huo, ndiyo yaliyoathirika zaidi, na maelfu ya watu wakafa. Sisi nasi tunaishi kwenye Bonde la Ufa. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9 tu, na bado liliua watu na kubomoa nyumba.

Ili tupate kanuni yetu wenyewe tunahitaji visima, na kila kisima kirefu kinachofika kwenye mwamba ni kipimo ambacho tayari kimelipiwa. Mchorongaji anajua amepita mita ngapi za udongo mwekundu, ngapi za mchanga, na mwamba ameugota wapi. Mara maji yakitoka, nani anauliza tena habari za udongo? Ninachoomba ni kwamba maelezo hayo yaandikwe pamoja na nukta za GPS, yatunzwe, na watafiti waruhusiwe kuyasoma. Na anayechoronga Kagera mwezi ujao aturuhusu tuweke kipima mtetemo kando ya kisima chake, mtambo ukishaondoka na pampu haijawashwa.